Vijana Wetu Wanafuata Nini Kivu? Mjadala kutoka Chitete

Hoja iliyojadiliwa Chitete, Wilaya ya Momba: Tanzania isipeleke tena wanajeshi kulinda amani mashariki mwa Kongo.

MWALIMU: Naiunga mkono hoja. Umoja wa Mataifa uliingia Kongo mwishoni mwa mwaka 1999, miezi michache baada ya Mkataba wa Lusaka wa kusitisha vita vya huko. Ujumbe wake ukaitwa MONUC, mwaka 2010 ukapewa jina la MONUSCO, ukafikia kuwa na askari wapatao 20,000 na kutumia zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto. Na bado Januari 27, 2025 waasi wa M23 wameingia mji wa Goma, askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa humo humo mjini. Kama robo karne haikutosha, ni nani atakayesimama hapa aniambie kwamba miaka miwili mingine itatosha?

ASKARI MSTAAFU: Mwalimu, umeanzia 1999 ukaruka hadi 2025. Umeupita mwaka 2013, na huo ndio mwaka niliokuwepo. Novemba 20, 2012 M23 waliiteka Goma mara ya kwanza, na kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo wakawaangalia wakipita barabarani. Aibu ile ndiyo iliyozaa Azimio namba 2098 la Machi 2013. Kwa mara ya kwanza Baraza la Usalama likaunda brigedi yenye ruhusa ya kumfuata mwenye silaha na kumnyang'anya, badala ya kungoja mpaka ashambulie. Tulipangwa kuwa watu 3,069, kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza alikuwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Agosti tulikuwa tunapigania vilima vya Kibati, tukampoteza Meja Khatib Mshindo. Oktoba tukampoteza Luteni Rajabu Mlima kule Kiwanja. Novemba 5 M23 wakatangaza kuacha vita. Tangu azimio lipitishwe hata miezi minane haikutimia. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani, mimi nimeiona ikiwezekana.

MAMA WA ASKARI: Afande, hao M23 mliowashinda 2013 na hao walioingia Goma 2025, ni watu tofauti?

ASKARI MSTAAFU: Ni wale wale, mama. Na wengine wameongezeka.

MAMA WA ASKARI: Sasa mlishinda nini?

ASKARI MSTAAFU: Tulishinda vita tuliyotumwa. Kilichotakiwa kufuata baada ya vita hakikuwa kazi ya mwenye bunduki. Wapiganaji walikimbilia Uganda na Rwanda. Desemba mwaka ule zikasainiwa hati Nairobi, zenye ahadi za msamaha na za kuwarudisha watu makwao. Walioshika kalamu wakaona kazi imekwisha. Jaji hakupelekwa, mishahara ya jeshi la Kongo haikutengenezwa, aliyeporwa ardhi hakurudishiwa. Mwishoni mwa 2021 wale watu wakarudi milimani, na Juni 2022 wakachukua mji wa Bunagana. Unataka nilaumiwe mimi niliyepanda kile kilima?

MWALIMU: Hakuna anayekulaumu wewe, Afande. Ninachokataa ni mpango wenyewe, unaomtuma kijana wa Momba akafe kununua muda, halafu muda huo ukachezewa na watu wengine. Umekubali kwa mdomo wako kwamba baada ya ushindi hapakuwa na mtu wa kuupokea. Basi hata mkishinda tena, mtamkabidhi nani?

DEREVA: Mimi niseme jambo la barabarani. Napita Tunduma na Nakonde, nakwenda Kasumbalesa, Lubumbashi, wakati mwingine mpaka Kolwezi kupakia shaba. Mkoa huu wetu unakula Kongo. Foleni ya malori pale Tunduma ikisimama siku mbili, mama ntilie anajua, mwenye gesti anajua, mbadilisha fedha anajua. Kwa hiyo mtu akisema Kongo haituhusu, namwona hajui anaishi wapi. Lakini Kongo tunayoijua sisi ni ya Katanga. Kutoka Lubumbashi hadi Goma, hata ungeruka kama ndege, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusikia mlio wa bunduki ya M23. Shaba inapita kwetu kwa amani, na vijana wetu wanafia mahali ambapo sisi hatuna hata duka moja.

ASKARI MSTAAFU: Kwa hiyo tupeleke jeshi palipo na duka letu tu?

DEREVA: Sijasema hivyo, mzee. Nasema tusiambiwe kwamba ni kwa ajili ya biashara yetu. Tuambiwe sababu yenyewe.

MFANYABIASHARA WA BUTEMBO: Ndugu zangu, mmenikaribisha niseme, na nitasema mambo mtakayoyapenda na mtakayoyachukia. Mnataja Goma na M23 kana kwamba Kivu yote ni hapo. Kwetu, upande wa Beni, anayetuua anaitwa ADF. Ni kundi lililotoka Uganda, limekaa msituni miaka mingi, na tangu Oktoba 2014 linachinja watu mashambani na vijijini. Mkulima akienda kuvuna kakao harudi. Na MONUSCO walikuwapo. Novemba 2019 vijana wa Beni waliivamia kambi yao ya Boikene kwa sababu watu walikuwa wameuawa usiku, si mbali na pale. Julai 2022 hasira ikapanda Goma, ikafika kwetu Butembo. Watu zaidi ya 30 walikufa katika maandamano yale, wakiwamo askari na polisi wa Umoja wa Mataifa. Na mwisho wa mwezi ule ule, mpakani Kasindi, askari wa brigedi hiyo unayoisifu, Afande, wakirudi kutoka likizo, walifyatua risasi wakaua raia waliokuwa wamesimama pale. Pale ndipo napitisha bidhaa zangu. Palikuwa na watu ninaowafahamu.

(Hakuna aliyemjibu haraka.)

ASKARI MSTAAFU: Dada, sina la kutetea hapo. Askari anayewapiga risasi watu aliotumwa kuwalinda amemaliza kila kitu, hata alama aliyovaa kichwani.

MWALIMU: Na si risasi tu. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi cha Watanzania 60 kinarudishwa nyumbani kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya wakazi wa huko. Hao ni vijana wetu waliovaa bendera yetu. Tunasimama kuheshimu majeneza yakirudi, na ni haki kabisa. Lakini tulisimama lini kumuuliza mtu hadharani kuhusu wasichana wa huko?

ASKARI MSTAAFU: Swali lako nalichukua bila kulipunguza. Anayefanya yale ashitakiwe hapa nyumbani, na yule binti ajulishwe hukumu. Kumrudisha kambini kimya kimya hakutoshi. Ila Mwalimu, tuchukue tahadhari. Hospitali ikiwa na daktari mwovu tunamfunga yeye. Milango tunaiacha wazi, kwa sababu wagonjwa bado wapo.

MFANYABIASHARA WA BUTEMBO: Nilikuwa sijamaliza. Waliokwenda kurusha mawe Boikene mnafikiri walitaka nini? Wapo waliotaka MONUSCO iondoke, kweli. Lakini wengi niliowasikia kwa masikio yangu walikuwa wanasema: mna magari ya chuma, mna helikopta, mna chakula, fanyeni kazi! Hakuna anayekwenda kumpigia kelele mtu ambaye hatarajii chochote kwake. Na nenda Ituri, wilaya ya Djugu, mahali panaitwa Roe. Makumi ya maelfu ya watu wamejibanza kando ya kambi ya Umoja wa Mataifa kwa sababu wanamgambo wa CODECO wanaiogopa. Hao ukiwaambia ulinzi wa amani umeshindwa watakushangaa. Kwao kazi inapimwa asubuhi, kwa kuhesabu watoto. Mimi nimekuja kuipinga hoja yenu.

ASKARI MSTAAFU: Na kuna ushahidi mwingine. Serikali ya Kongo yenyewe iliomba MONUSCO iharakishe kuondoka. Mwisho wa Juni 2024 wakawa wamemaliza Kivu ya Kusini. Februari 2025 Bukavu, mji mkuu wa jimbo hilo, ikaanguka mikononi mwa M23.

MWALIMU: Ushahidi huo una shimo, Afande. Goma ilianguka wiki chache kabla, na Goma MONUSCO walikuwapo. Askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikuwapo. Mji wenye walinda amani umeanguka Januari, mji usio nao umeanguka Februari. Sasa kuwapo kwao kuliongeza nini?

ASKARI MSTAAFU: Kuliongeza mahali pa kukimbilia. Wapo askari wa Kongo na raia waliookoka kwa kuingia ndani ya uzio wa kambi zile.

MWALIMU: Basi tumepunguza madai. Tulianza na kuwanyang'anya waasi silaha, sasa tunaongelea uzio.

MAMA WA ASKARI: Nauliza habari za uzio huo, kwa sababu mwanangu alikuwa ndani yake. Ujumbe wa SADC ulikwenda Desemba 2023. Aprili 2024 tukasikia askari watatu wa Tanzania wameuawa na kombora lililoangukia karibu na kambi yao. Januari 2025 jeshi likatangaza wengine wawili. Afrika Kusini walizika 14. Malawi watatu. Mji ulipotekwa, mwanangu na wenzake wakabaki kambini, hawatoki. Ikawa Februari. Ikawa Machi, na Machi 13 wakubwa wa SADC wakasema ujumbe umesitishwa. Walipoanza kuondoka ilikuwa mwisho wa Aprili, kwa barabara, wakipitia Rwanda mpaka Chato. Miezi mitatu nalala na simu mkononi. Nieleweshwe, kwa heshima kabisa: alikuwa analinda nini katika miezi hiyo mitatu? Nani alikuwa anamlinda mwenzake?

ASKARI MSTAAFU: Mama, nikwambie ukweli wa mwanajeshi. Kikosi kile kilipelekwa pungufu. Kilipangiwa watu wapatao 5,000, idadi ile haikuwahi kufika. Upande wa pili kulikuwa na mizinga mizito, vifaa vya kuharibu mawasiliano, ndege zisizo na rubani, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara kwa mara kwamba wanajeshi wa Rwanda walikuwa ndani ya Kongo pamoja na M23. Rwanda inakana, inasema tatizo ni FDLR, masalia ya waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 nchini Rwanda. Februari 21, 2025 Baraza la Usalama, nchi zote 15, zikapitisha Azimio 2773 kuitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe askari wake. Kwa maneno mengine, tuliwatuma vijana na silaha za kupambana na waasi, wakakuta jeshi la nchi.

MAMA WA ASKARI: Kwani hilo halikujulikana kabla hawajaondoka?

ASKARI MSTAAFU: Lilijulikana.

MAMA WA ASKARI: Asante kwa kunijibu.

MWALIMU: Hapo ndipo ninaposimama mimi. Mlinzi wa amani kwa desturi anakwenda kwa masharti matatu: waliogombana wawe wamekubali aje, asiegemee upande, na silaha aitumie kujilinda au kulinda kazi aliyopewa. Sasa tazama Kivu. Makubaliano hayapo. Upande umeshachaguliwa, kwa sababu mnapigana bega kwa bega na jeshi la serikali, na nyuma ya jeshi hilo kuna wanamgambo wa Wazalendo, na wataalamu hao hao unaowataja wameandika kwamba kuna FDLR pia. Halafu anayepigwa anaambiwa kwamba anayempiga ni mlinda amani. Mnamtuma mtu kulinda shamba ambalo hakuna aliyelilima. Kama tunakwenda vitani, tuseme tunakwenda vitani, kama tulivyosema 1978 wakati wa Kagera, na taifa zima likajua sababu.

ASKARI MSTAAFU: Kutoegemea upande ni neno zuri darasani. Rwanda, Aprili 1994, Umoja wa Mataifa ulikuwa na kikosi, ukakipunguza mpaka kikabaki na watu 270 hivi, ili kisiingie katika ugomvi usio wake. Unajua kilichofuata. Mwisho wa mwezi ule watu robo milioni walivuka Rusumo kwa siku moja wakaingia Ngara. Waliopokelewa walipokelewa na Watanzania. Mimi nilikuwa kijana, na ile picha ndiyo iliyonipeleka jeshini. Asiyeegemea upande mbele ya panga ameshaegemea upande wa mwenye panga.

MWALIMU: Na kwa nini basi mlipomaliza M23 mwaka 2013 hamkuwageukia FDLR? Azimio liliyataja makundi yote. Rwanda wanasema hivi mpaka leo, na kwa hili wana hoja.

ASKARI MSTAAFU: Mapema 2015 operesheni ile ilikuwa imepangwa. Serikali ya Kongo ikateua majenerali wawili waliokuwa wanatuhumiwa ukiukaji wa haki za binadamu, Umoja wa Mataifa ukakataa kushirikiana nao, mambo yakafa.

MWALIMU: Hiyo ni sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba Mei 2013, Addis Ababa, Rais Kikwete alishauri Rwanda izungumze na FDLR, na uhusiano wa nchi mbili ukachafuka vibaya. Baada ya hapo Kigali hawakuamini tena kwamba askari wa Tanzania ni mtu wa katikati. Sisemi ushauri ule ulikuwa mbaya. Mimi naona ulikuwa wa busara. Nasema huwezi kuwa mshauri na mpiganaji kwa pamoja. Nguvu ya Tanzania haikuwahi kuwa wingi wa mizinga. Ilikuwa Arusha. Mwalimu Nyerere alikaa na Warundi, kundi baada ya kundi, mpaka anafariki Oktoba 1999. Mandela akapokea, na Agosti 28, 2000 mkataba ukasainiwa. Jirani aliyekuwa anatuletea wakimbizi miaka yote alipata njia ya kutokea kupitia meza iliyokuwa kwetu.

ASKARI MSTAAFU: Maliza na historia hiyo, usiikate. Mkataba wa Arusha haukujilinda wenyewe. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka Burundi ujumbe wake wa kwanza kabisa wa kulinda amani: Afrika Kusini, Ethiopia, Msumbiji. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukapokea. Walinda viongozi waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa askari. Ungewaambia wale wanasiasa warudi Bujumbura na karatasi mkononi wangekucheka.

MWALIMU: Umenisaidia. Karatasi kwanza, askari baadaye. Kongo mmegeuza.

DEREVA: Kuna maneno yanasemwa, na bora yasemwe hapa: eti jeshi linakwenda kwa sababu ya dola.

ASKARI MSTAAFU: Umoja wa Mataifa hurejesha kwa serikali zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari. Hiyo haifichwi. Askari hupata posho yake, wengine wamejenga, wengine wamesomesha. Lakini ujumbe wa SADC haukuwa na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa namna hiyo, nchi zilijigharimia, na bado watu walikwenda. Mwenye kusema tunauza damu aje aseme mbele ya wajane wa Semuliki.

MAMA WA ASKARI: Umeitaja wewe. Tueleze ya Semuliki.

ASKARI MSTAAFU: Ni kambi iliyokuwa kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, Beni. Desemba 7, 2017, jua linazama, ADF wakaishambulia. Watanzania 15 walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu Guterres alisema walinda amani hawajapata shambulio baya kuliko lile katika historia ya karibuni ya Umoja huo. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2018, eneo hilo hilo la Beni, Wamalawi sita na Mtanzania mmoja walikufa wakiwafuata ADF. Najua namna watu wetu walivyopigana, na sitasema zaidi.

MAMA WA ASKARI: Sitaki namna walivyopigana, najua hawakukimbia. Nataka kujua kwa nini msaada haukufika.

ASKARI MSTAAFU: Umoja wa Mataifa ulichunguza, na ripoti ilitolewa mwaka uliofuata. Ilisema ujumbe haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuiongezea nguvu kambi ile wala wa kuwatoa watu. Ilitaja kasoro za ukamanda na uongozi, mapungufu ya mafunzo, ndege, uhandisi na taarifa za kijasusi.

MAMA WA ASKARI: Kambi iliyo peke yake msituni, haina mpango wa kuokolewa. Na ujumbe una zaidi ya dola bilioni kwa mwaka.

ASKARI MSTAAFU: Ndivyo ilivyokuwa.

MAMA WA ASKARI: Nimekaa kwenye mikutano mingi hapa Momba. Tumeitwa tuelezwe bei ya ufuta, stakabadhi ghalani, chanjo ya watoto, daftari la wapiga kura. Sikumbuki tumeitwa tukaelezwa kwamba vijana wa wilaya hii wanakwenda Kongo, wanakwenda kufanya hiki, na wakizingirwa watatolewa hivi. Jeneza likifika ndipo viongozi hufika. Huwa wanasema vizuri, nawashukuru. Lakini wamechelewa.

ASKARI MSTAAFU: Mama, mipango ya jeshi haitangazwi kwenye mkutano wa kijiji.

MAMA WA ASKARI: Sijaomba ramani. Adui kambi anaiona kwa macho yake. Nisiyejua ni mimi.

MWALIMU: Na kumbukeni jambo hili halikuisha. Juni 27, 2025 Kongo na Rwanda zimesaini mkataba wa amani Washington. Julai 19, serikali ya Kongo na M23 wamesaini tamko la kanuni huko Doha. Mapigano hayakukoma kwa saini hizo. Lakini siku yakipungua, watatafuta watu wa kusimama katikati, na macho yatageukia wale wale: Tanzania, Malawi, Afrika Kusini. Tutaombwa tena.

DEREVA: Huko Washington madini yamezungumzwa waziwazi. Rubaya kwenye koltani iko mikononi mwa M23 tangu 2024. Sisi tusije tukalinda machimbo, halafu mwenye faida yuko mbali na mwenye kuzika yuko hapa.

MFANYABIASHARA WA BUTEMBO: Kaka, hofu yako naielewa. Lakini kila mnapotaja sababu ya kutokuja, mnataja wakubwa: Kigali, Kinshasa, Washington. Mkulima wa Beni hamtaji. Mwanzoni mwa 2025 zaidi ya watu milioni 7 walikuwa wamehama makwao ndani ya Kongo. Hawa askari wa Tanzania wana jambo moja ambalo Mhindi, Mmorocco, na Mpakistani hawana, ingawa wengi wao ni watu wema: bibi wa Mavivi, kule Beni, anaweza kumwambia askari wenu, kwa Kiswahili, "wamepita pale, ni wanane, wana mateka." Hapiti kwa mkalimani ambaye kesho atamtaja. Nyinyi mkiondoka tunabaki na wanaotuonea huruma bila kutusikia.

MWALIMU: Dada yangu, watu wa Roe mimi sina moyo wa kuwaacha. Kama hoja ingekuwa kwamba kikosi kikae kando ya kambi ya waliohama makwao, kwa kibali cha pande zote, kwa kazi ya kuzuia mauaji na si kuwarudishia watu miji yao kwa vita, ningeipinga hoja yangu mwenyewe. Ya Goma na mji jirani wa Sake ndiyo siwezi. Pale palihitaji jeshi la Kongo linalolipwa mshahara wake, na marais wanaozungumza. Kijana wetu hawezi kuziba nafasi ya vyote viwili.

ASKARI MSTAAFU: Haya, umenipeleka Roe. Niko Roe na kombania moja. CODECO wanakuja usiku, wanaua pembezoni, wanarudi kichakani umbali wa kilomita kumi. Kesho usiku wanarudi. Utaniruhusu niwafuate kichakani, au utaniambia nikae kwenye uzio nihesabu maiti?

MWALIMU: Nitakuruhusu uwafuate.

ASKARI MSTAAFU: Na wakihamia kilomita hamsini?

MWALIMU: Hapo ndipo vita inapoanzia.

ASKARI MSTAAFU: Hapo ndipo mauaji yanapopangwa. Kuna tofauti ya jina tu kati yangu na wewe.

MWALIMU: Hapana, Afande. Tofauti ni kwamba kilomita kumi naweza kumweleza huyu mama. Hamsini siwezi, na sijaona aliyeweza.

MFANYABIASHARA WA BUTEMBO: Na waliouawa kwenye kilomita ya kumi na moja?

MWALIMU: Sina jibu lao. Na nadhani Afande naye hana, ila yeye yuko tayari kwenda bila jibu. Mimi siko tayari kumtuma mwingine.

ASKARI MSTAAFU: Ndiyo, ningekwenda.

MAMA WA ASKARI: Wewe umekwisha kustaafu, mwanangu bado. Iwe ni kumi au hamsini, iandikwe kabla hajapanda gari, iandikwe pia nani atakayekwenda kumtoa akizingirwa, na tuje tusomewe hapa Chitete.